SUKARI YA DAMU NA MASHINI YA KUIONGOZA HOSPITALINI



Katika kaye ya biolojia munaandika juu ya kongosho na insulini. Katika kaye ya fizika munaandika juu ya volti na ampere. Kiisha munafunga kaye zote mbili, na munazani kwamba mambo haya hayajuane. Leo tunataka kuonyesha ginsi yanavyokutana pembeni ya kitanda cha mugonjwa. Tutasoma juu ya mashini inayopima sukari ya damu, inayofikiri kipimo cha insulini, na inayotia insulini ile katika mwili wa mugonjwa, bila mutu kushika seringi kila mara. Tutauliza maneno mawili. La kwanza: mashini hii inafanya kazi namna gani? La pili ni kubwa zaidi: tunaweza kuiachia maisha ya mutu mikononi mwake?

1. KIJIKO KIMOJA TU

Mutu mukubwa iko na damu karibu litri 5. Kila litri ya damu ile, kwa mutu muzima ambaye hajakula bado, inabeba karibu gramu 1 ya glukozi, ndiyo sukari ya damu. Fanyeni hesabu: 5 mara 1 ni gramu 5. Ni kijiko kimoja kidogo cha chai! Sukari yote inayotembea katika damu yako saa hii inaweza kuingia katika kijiko kimoja. Na ubongo wako, ule unaosoma maneno haya, unaishi kwa sukari ile.

Waganga wengi hupima kwa miligramu katika desilitri moja ya damu. Gramu 1 katika litri ni sawa na miligramu 100 katika desilitri. Tangu sasa tutaandika hesabu tu: tukisema 100, mufahamu miligramu 100 katika desilitri.

Mutu muzima asubuhi, mbele ya kula, iko kati ya 70 na 100. Sukari ikipanda kupita karibu 180, figo zinaanza kuiacha ipite katika mukojo, na maji ya mwili yanaifuata. Njo maana mugonjwa wa sukari anakojoa sana na kusikia kiu. Ikishuka chini ya 70, mutu anatoka jasho, anatetemeka, anasikia njaa kali. Ikishuka chini ya 40, anaweza kupoteza akili, kushikwa na degedege, hata kufa.

Shikeni neno hili vizuri, maana somo lote linasimama juu yake. Sukari iliyo juu kiasi inaharibu mwili polepole, kwa siku, kwa miezi, kwa miaka. Sukari iliyo chini sana inaweza kuharibu ubongo katika muda wa saa chache tu. Hatari za pande mbili hazilingane. Yule anayeongoza sukari ya mugonjwa ni kama mutu anayetembea katika njia ya mulima: upande mumoja kuna matope, upande wa pili kuna shimo.

2. KIUNGO KILE MUNGU ALICHOTUPA

Nyuma ya tumbo la chakula tuko na kiungo kinaitwa kongosho. Wengine wanasema pankreasi. Ndani yake muna vikundi vidogo vya seli. Seli za namna moja zinapima sukari ya damu inayopita. Ikipanda, zinatoa insulini, nayo inafungulia sukari mulango wa kuingia katika misuli na mafuta, na inaambia ini iache kutoa sukari yake. Ikishuka, seli zingine zinatoa glukagoni, nayo inaambia ini itoe sukari iliyoweka akiba.

Angalieni vizuri: kiungo kinapima, kinalinganisha, kinatenda, halafu kinapima tena. Kazi inazunguka kama duara. Katika fizika tunaita jambo hili uongozi wa kujirudilia. Frigo iko na kazi ya namna ile: ndani yake muna termostati, ikisikia joto inawasha mashini, ikisikia baridi inazima. Pasi ya umeme vilevile. Hata tanki la maji lenye kibuyu kinachoelea: maji yakipanda, kibuyu kinapanda na kufunga bomba. Hapana mutu anayesimama pale kuangalia.

Kwa wagonjwa wengine duara hii imevunjika. Mbele ya mwaka 1922, mutoto aliyepatwa na ugonjwa wa sukari wa namna ya kwanza hakuwa na tumaini. Katika mwaka 1921, huko Toronto katika inchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho la mbwa, katika maabara ya profesa John Macleod, na James Collip akasaidia kuisafisha. Katika Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya dawa ile, wa kwanza katika historia. Banting na Macleod walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1923. Lakini insulini ya sindano haina akili. Haijui kama sukari iko juu ao chini. Ukiisha kuitia, inafanya kazi yake tu. Akili inapashwa kutoka pahali pengine.

3. SABABU GANI KAZI NI NGUMU ZAIDI HOSPITALINI?

Mutu anayeishi na ugonjwa wa sukari nyumbani anajifunza desturi zake: anakula saa fulani, anatembea, anajichoma sindano. Lakini akilazwa hospitalini, desturi zote zinavunjika. Leo anakatazwa kula sababu kesho atapasuliwa. Kesho anawekewa serumu yenye glukozi. Dawa zingine, kama zile za jamii ya kortisoni, zinapandisha sukari. Homa inapandisha sukari.

Tena kuna jambo la kushangaza. Mutu asiyekuwa hata na ugonjwa wa sukari, akiumia sana ao akipasuliwa, sukari yake inaweza kupanda. Mwili unazani kwamba uko katika vita: unatoa adrenalini na kortizoli, na ini linamwanga sukari katika damu. Kwa hiyo katika chumba cha reanimasio wagonjwa wengi wanahitaji insulini kwa muda, hata wale ambao hawatahitaji tena wakirudi nyumbani.

Sasa mufikiri muuguzi, yule tunayezoea kumwita infirmie. Kila saa moja ao mbili anatoboa kidole ao anatoa damu katika mushipa, anasoma hesabu, anabadilisha pompi, anaandika. Pembeni yake kuna wagonjwa wengine wanaomwita. Usiku unakuwa murefu. Ni hapa watu walianza kuuliza: kazi hii ya kuzunguka, mashini haiwezi kuifanya?

4. SEHEMU TATU ZA MASHINI

Mashini yenyewe inapashwa kuwa na sehemu tatu, sawasawa na kongosho: kipimio, akili, na mukono wa kutenda.

Kipimio. Katika mwaka 1962 munganga mumoja wa elimu ya kemia, Leland Clark, pamoja na Champ Lyons, walieleza namna ya kupima sukari kwa njia ya umeme. Wanatumia enzimu inayoitwa glukozi-oksidazi. Enzimu ile inakutanisha glukozi na oksijeni, na kazi yake inazaa maji ya oksijeni, yale yale tunayojua kwa kusafisha vidonda. Yakigusa chuma cha platini chenye umeme wa sehemu chache za volti, yanavunjika na kutoa elektroni. Sukari nyingi, elektroni nyingi. Sukari kidogo, elektroni kidogo. Basi sukari imegeuka kuwa mukondo wa umeme!

Lakini mukondo ule ni mudogo sana, unahesabiwa kwa nanoampere. Nanoampere moja ni sehemu moja ya ampere iliyokatwa mara milioni elfu moja. Ordinatere haiwezi kuusoma vile uko. Hapa njo sheria ya Ohm inaingia, ile munayolalamika kwamba haina faida: U ni sawa na R mara I. Tuseme kipimio kinatoa nanoampere 100, na chombo cha kukuza umeme kina rezistansi ya ohm milioni 10. Zidisheni: tunapata volti 1. Volti 1 inasomeka bila shida. Kiisha chombo kingine kinageuza volti kuwa hesabu, na hesabu inaingia katika ordinatere.

Akili. Siku hizi ni kipande kidogo cha elektroniki, kidogo kuliko ukucha, chenye programu ndani. Tutarudi kwake.

Mukono. Ni pompi ya seringi. Waganga wanaweka uniti 50 za insulini katika mililitri 50 za maji ya chumvi, ili mililitri moja iwe na uniti moja. Mota inazungusha skrubu, skrubu inasukuma nyuma ya seringi. Mota ya namna hii haizunguke ovyo. Inaenda kwa hatua, kwa mufano hatua 200 kwa muzunguko mumoja.

Tufanye hesabu pamoja. Seringi iko na upana wa sentimetri 6 za mraba ndani. Tunataka uniti 3 kwa saa, ni kusema mililitri 3. Gawanyeni 3 kwa 6: nyuma ya seringi inapashwa kusogea nusu sentimetri, yaani milimetri 5 kwa saa moja. Kama skrubu inasogea milimetri 1 kwa muzunguko, tunahitaji mizunguko 5, ni hatua 1000. Saa moja ina sekunde 3600. Basi mota inapiga hatua moja kila sekunde 3 na nukta 6. Jicho lako haliwezi kuona kama inatembea, na hata hivi maisha ya mutu yanatembea pamoja nayo.

5. NJIA WALIYOPITA

Watu hawakuanza jana. Katika miaka ya 1963 na 1964, munganga Arnold Kadish wa Marekani alieleza mashini iliyopima sukari na kutia dawa yenyewe. Katika mwaka 1974 watu wa Toronto wakiongozwa na Albisser, na watu wa Ulm katika Ujeremani wakiongozwa na Pfeiffer, walionyesha kongosho za mashini zenye ordinatere. Halafu mwaka 1977 Clemens na wenzake wa kampuni Miles, katika Marekani, walieleza mashini iliyoitwa Biostator. Ilikuwa kubwa, ilisimama pembeni ya kitanda, na ilivuta damu ya mugonjwa bila kukoma kwa njia ya mupira mwembamba. Ilikuwa na pompi ya insulini, tena na ya glukozi, kusudi iweze kupandisha sukari ikishuka. Lakini ilihitaji mutu wa kuichunga kila wakati. Kwa hiyo ilisaidia sana wenye kufanya uchunguzi, na wakati wa kupasua wagonjwa wengine. Haikuingia katika vyumba vya kila siku. Katika Japani kampuni Nikkiso iliendelea na mashini za namna ile, kama STG-22 na STG-55, zinazotumiwa pembeni ya kitanda.

Upande mwingine vipimio vilikuwa vidogo. Siku hizi kuna kipimio kinachokaa chini ya ngozi, kinapima kila dakika chache na kutuma hesabu kwa mawimbi ya redio. Katika mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikubali mashini ya kwanza ya kuvaa mwilini, kwa watu wenye ugonjwa wa sukari wa namna ya kwanza, inayorekebisha insulini yenyewe kati ya chakula na chakula.

Na hospitalini? Katika mwaka 2018 waganga wa Bern, Uswisi, na wa Cambridge, Uingereza, walitoa habari ya wagonjwa 136 wenye sukari ya namna ya pili, waliolala katika vyumba vya kawaida. Wamoja walitunzwa na mashini ya duara kamili, wengine kwa sindano kama desturi. Wale wa mashini walikaa kati ya 100 na 180 karibu asilimia 66 ya wakati. Wale wa sindano karibu asilimia 42 tu. Na mashini haikuongeza hatari ya sukari kushuka. Hii ni habari njema, tusiifiche.

6. AKILI YA MASHINI NI HESABU YENU

Wengine wanazani kwamba ndani ya mashini muna uchawi wa Wazungu. Hapana. Muna hesabu ya darasa. Tutunge sheria yetu wenyewe, kwa kujifunza tu. Musimpe mugonjwa dawa kwa sheria hii!

Tuseme tunataka sukari ibaki 140. Mugonjwa wetu akiwa 140 anahitaji uniti 2 kwa saa. Sheria ya kwanza: kila 60 inayopita 140, ongeza uniti 1, kila 60 inayopunguka, ondoa uniti 1. Mugonjwa akiwa 260, amepita kwa 120, tunaongeza 2, jumla uniti 4. Akiwa 200, uniti 3. Akiwa 80, uniti 1.

Sheria ni nzuri, sivyo? Sasa angalieni wagonjwa wawili. Wote wawili wako 170 saa hii. Sheria inawapa wote uniti 2 na nusu. Lakini wa kwanza alikuwa 230 saa moja iliyopita: anashuka haraka. Wa pili alikuwa 110: anapanda haraka. Je, ni haki kuwapa sawasawa? Hata kidogo!

Kwa hiyo tunaongeza sheria ya pili: kila 30 anayoshuka kwa saa, ondoa uniti 1, kila 30 anayopanda, ongeza uniti 1. Wa kwanza anashuka 60: 2 na nusu toa 2, anabaki na nusu uniti. Wa pili anapanda 60: 2 na nusu ongeza 2, anapata 4 na nusu. Hesabu moja ya sukari, lakini kipimo cha mumoja kinapita cha mwenzake mara 9. Mashini nzuri haiulize tu uko wapi. Inauliza pia unaelekea wapi.

7. SHIDA YA KUCHELEWA

Ninyi wa upande wa Goma munajua chukudu, ile ya mbao inayobeba mizigo. Kijana akishuka mulima na magunia ya viazi, hangoje afike katika kona kusudi afunge breki. Anafunga mbele, sababu anajua kwamba chukudu yenye mizigo haisimame mara moja. Akingoja, ataenda na magunia yake katika shimo.

Insulini iko vile vile. Ile ya chini ya ngozi inafika nguvu yake karibu saa moja nyuma ya kuingia, na inaendelea kwa saa kadhaa. Ile ya mushipa ni ya haraka zaidi, lakini nayo kazi yake haiishe saa ile pompi inasimama. Tena kipimio cha chini ya ngozi hakipime damu yenyewe, kinapima maji kati ya seli, na maji yale yanafuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Basi mashini inasoma habari ya zamani kidogo, na amri yake inafika nyuma ya muda. Kama programu haijue jambo hili, itatia insulini, itaona sukari haijashuka bado, itatia tena, itatia tena, kiisha zote zitafanya kazi pamoja na mugonjwa ataanguka.

Mama anayepika anajua neno hili: chumvi ukiisha kuitia katika chungu, haitoke tena. Njo maana programu nzuri inahesabu insulini iliyo ndani ya mwili bado, na inaiondoa katika hesabu mbele ya kuamuru nyingine.

8. TUSHUSHE SUKARI MPAKA WAPI?

Hapa tunafika pahali ambapo watu wenye elimu kubwa walijifunza kwa maumivu.

Katika mwaka 2001, huko Leuven katika Ubelgiji, munganga Greet Van den Berghe na wenzake walitoa habari ya wagonjwa 1548 wa reanimasio, wengi wao walipasuliwa moyo. Kundi moja sukari yao ilishikwa kati ya 80 na 110, kama ya mutu muzima. Kundi lingine walitiwa insulini kama sukari inapita 215 tu. Katika kundi la kwanza asilimia 4 na nukta 6 walikufa katika reanimasio. Katika la pili, asilimia 8. Dunia nzima ilifurahi. Hospitali nyingi zikaanza kushusha sukari ya wagonjwa mpaka chini.

Halafu watu wa Australia, Nyuzilandi, Kanada na Marekani wakajaribu jambo lile kwa wagonjwa 6104, na wakatoa habari mwaka 2009. Wale walioshushwa mpaka karibu na kawaida, asilimia 27 na nukta 5 walikufa katika siku 90. Wale walioachwa chini ya 180 tu, asilimia 24 na nukta 9. Tofauti ni 2 na nukta 6. Inaonekana ndogo? Ihesabuni kwa watu: katika kila wagonjwa 1000, watu 26 zaidi walikufa. Na sukari ya kushuka vikali, 40 ao chini yake, ilipata asilimia 6 na nukta 8 ya kundi la kwanza, lakini nusu asilimia tu ya kundi la pili. Tangu mwaka ule waganga wengi wanatafuta kushika kati ya 140 na 180 kwa wagonjwa wa reanimasio.

Mwaka 2023 watu wa Leuven walijaribu tena, kwa wagonjwa zaidi ya 9000, na programu ya ordinatere inayomwambia muuguzi kipimo cha kutia. Mara hii sukari haikushuka ovyo sana, lakini kuishika chini hakukupunguza siku za reanimasio wala vifo.

Tunajifunza nini? Ordinatere inaweza kufikia shabaha vizuri kuliko mukono wa mutu. Lakini ordinatere haijue kama shabaha yenyewe ni ya kweli. Ukiiandikia 90, itakutafutia 90 kwa uaminifu wote, hata kama 90 inamuua mugonjwa. Kuchagua shabaha ni kazi ya watu, na inapashwa kujaribiwa kwa kweli, hata kama mawazo ya kwanza yalionekana mazuri.

9. MASHINI IKIDANGANYIKA

Tuandike njia zingine ambazo mashini inaweza kupotea, na kinga yake.

a) Kipimio kinadanganywa. Mugonjwa akilalia kipimio cha chini ya ngozi, kinaweza kusoma sukari ndogo kuliko ile ya kweli. Dawa ya parasetamoli inaweza kufanya vipimio vya namna fulani visome sukari kubwa ya uongo, na mashini ikiamini itatia insulini ya bure. Kinga: kulinganisha na damu ya kidole kila mara, na kukataa hesabu inayoruka kupita kiasi.

b) Mupira unaziba ao hewa inaingia. Mota inasukuma lakini dawa haifike. Kinga: kipimio cha nguvu ya kusukuma, na kengele.

c) Programu inasimama. Kinga: saa ndogo ya ulinzi ndani ya elektroniki. Programu inapashwa kuigusa kila wakati, kama mulinzi wa usiku anayepiga kengele kuonyesha kwamba hajalala. Isipoguswa, inawasha mashini upya ao inazima pompi.

d) Umeme unakatika. Kinga: batiri, na kengele mbele batiri haijaisha.

e) Programu inaamuru kipimo cha ajabu. Kinga: pompi yenyewe iko na mupaka, hata ordinatere ikisema nini.

Na sheria kubwa juu ya zote: mashini isipojua, isijaribu kubahatisha. Isimamishe insulini na imwite mutu haraka, kwa sababu hata kukosa insulini kwa muda murefu ni hatari kwa mugonjwa wa namna ya kwanza. Munaona sasa kwa nini tulisema kwanza kwamba upande mumoja ni matope na upande wa pili ni shimo.

10. NA SISI?

Mutu anaweza kusema: Mashini hizi ni za inchi za mbali, za pesa nyingi; sisi tunajifunza juu yake kwa faida gani? Tunajibu maneno mawili.

Kwanza, duara ile ile inafanyika kila mahali muuguzi anaposhika kipimio cha kidole na karatasi. Yeye ni kipimio, ni akili, ni mukono. Anayejua sababu ya kila sehemu atafanya kazi vizuri: hataongeza insulini mara mbili mbele ya kungoja ile ya kwanza ifanye kazi, hatasoma hesabu moja bila kuangalia zile za nyuma, hatatia insulini kwa mugonjwa ambaye serumu yake imekatika bila kupima tena. Wengi kati yenu mutaingia shule ya uuguzi. Mambo haya hayahitaji pesa, yanahitaji akili iliyo macho.

Pili, vipande vya elektroniki vinapunguka bei, na kijana anayejua sheria ya Ohm, hesabu ya mota, na kazi ya kongosho, anaweza siku moja kutengeneza pompi iliyoharibika hospitalini, badala ya kuiacha kujazwa mavumbi katika depo.

Lakini tusisahau: mashini haimuulize mugonjwa kama amekula. Haione jasho katika uso wake. Haisikie mama yake akisema, Mutoto wangu hajibu vizuri leo. Kengele ikilia usiku na hapana mutu wa kuisikia, mashini yote ni bure. Mashini nzuri inampunguzia muuguzi kazi ya kuzunguka, kusudi apate wakati wa kumwangalia mugonjwa. Haimpe ruhusa ya kulala.

MAULIZO KWA WANAFUNZI

1. Kipimio kinatoa nanoampere 60. Rezistansi ni ohm milioni 10. Ordinatere itasoma volti ngapi?

2. Kwa sheria zetu mbili za sehemu ya 6, mugonjwa iko 200, na saa moja iliyopita alikuwa 230. Atapata uniti ngapi kwa saa? Mota itapiga hatua ngapi katika saa ile?

3. Mugonjwa mwingine iko 110 na anashuka 90 kwa saa. Hesabu inatoa nini? Pompi haiwezi kuvuta insulini kuitoa mwilini: mashini ifanye nini? Biostator ingefanya nini zaidi?

4. Kwa nini sheria ya namna ya termostati ya frigo, ya kuwasha na kuzima tu, ingekuwa ya hatari kwa mugonjwa?

5. Muzungumze katika kikundi: mashini ikitia kipimo kibaya, nani atatoa jibu? Aliyeandika programu, munganga aliyechagua shabaha, ao muuguzi aliyezima kengele? Mulete jibu moja lenye sababu.

Musikopiane. Yule atakayefanya hesabu yake mwenyewe leo, kesho hataogopa mashini yoyote, wala hataiamini bila kuipima.

Amani ya Bwana ikae nanyi.